Jangwa Huanza na Dumu la Maji

Wanachuo wenzangu, wanafunzi wa ualimu wakipanga safari ya kwenda sehemu kame, kitu cha kwanza kutajwa ni kamera. Cha pili ni spika ya muziki. Maji yanakuja mwishoni kabisa, tena kwa sentensi moja: "Tutanunua huko huko." Makala hii naiandika kwa ajili ya hiyo sentensi.

Tuko kumi na wawili, wote mazoezi ya kufundisha katika shule za wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Mazoezi yakiisha tunataka safari fupi kabla hatujarudi chuoni, na mimi nimepewa ukatibu. Kwa kuwa miezi hii yote tumekuwa tukiandika andalio la somo, nimelipanga hili jambo kama andalio: lengo, zana, muda, na nani yumo darasani. Hicho cha mwisho ndicho kimebadilisha kila kitu, nitakifikia.

Kwanza, jangwa lipi? Kwa kipimo kinachotumika sana katika jiografia, jangwa ni sehemu inayopata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka. Tukitaka jangwa la Kiswahili cha mtihani, la karibu ni Chalbi, huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Ni mbali, kuna mpaka wa kuvuka, na bumu letu mnalijua. Tanzania tuna nusu jangwa, na sehemu inayokaribia zaidi sura tuliyoizoea kwenye vitabu ni kusini mwa Ziwa Natron, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha. Hapo kuna kijiji cha Wamasai kinachoitwa Ngare Sero, ambacho siku hizi kinaelekea kuwa kimji: maduka, kambi za wageni, waongoza njia. Mlima Ol Doinyo Lengai uko juu yake, ziwa la magadi liko mbele yake, na katikati ni vumbi la majivu ya volkano.

Kuna mtu atauliza: si hata Meatu, jirani zetu, kuna ukame? Upo. Lakini fanyeni hesabu kidogo. Maswa iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Natron liko sakafuni mwa Bonde la Ufa, kama mita 600. Kwa wastani joto hupanda nyuzi sita na nusu kila ukishuka mita 1,000, kwa hiyo kushuka mita 600 peke yake kunakuongezea karibu nyuzi nne hata kama mambo mengine yangekuwa sawa. Nayo hayako sawa. Kule hakuna miembe ya kukaa chini yake. Mchana joto linaweza kupita nyuzi 40. Mtu aliyekulia Maswa akisema "jua nimelizoea", anazungumzia jua jingine.

Sasa njia. Wako waliotaka tupite Bariadi, Lamadi, tukate Serengeti. Kwenye ramani inaonekana fupi na inavutia, ila utalipia kuingia hifadhi, kisha utalipia eneo la Ngorongoro, na sisi hatuendi kutazama simba. Barabara inayotajwa sana hapa kwetu, ya kutoka Maswa na Lalago kupita Sibiti, Haydom na Mbulu hadi Karatu, nimeiacha kwa sababu ratiba yetu haivumilii barabara ya vumbi ndefu hivyo. Tumechagua ya mzunguko: Maswa, Mwigumbi, Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, Makuyuni, Mto wa Mbu. Ni zaidi ya kilomita 600, lakini ni lami na mabasi yapo. Hiyo ni siku nzima. Kutoka Mto wa Mbu kwenda Ngare Sero ni kama kilomita 120 za mawe, vumbi na makorongo.

Kwa hiyo safari ya siku tano ina siku mbili za basi, na nyingine mbili zinaliwa sehemu kubwa na hiyo barabara ya mawe. Tusidanganyane. Ukitoa kwenda na kurudi, Ngare Sero tunapata jioni moja, siku moja kamili na alfajiri moja. Ndiyo maana kila saa lazima iwe na kazi.

Na saa za kule zinapangwa na jua. Mwezi wa saba na wa nane jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tutaanza kutembea saa kumi na moja na nusu alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi kila mtu awe kivulini. Kuanzia saa nne hadi saa kumi jioni hakuna matembezi. Watu walilalamika sana kwenye kikao: "Saa sita zote tumelala tu?" Ndiyo, mmelala. Saa hizo ni za kula, kunywa na kuandika. Ukiangalia mifugo ya wenyeji mchana utaona nayo imejibanza kwenye kivuli chochote kilichopo.

Maji. Mtu anayetembea kwenye joto kali anaweza kupoteza lita nzima ya jasho kwa saa moja. Nimeweka lita sita za kunywa kwa kila mtu kwa siku. Sisi kumi na wawili, dereva wawili: kumi na wanne. Lita 84 kwa siku, kwa siku tatu za ukame lita 252. Hayo ni madumu kumi na matatu ya lita ishirini, na uzito wake ni zaidi ya kilo 250, kabla hujaweka unga, mahema na hao wenye spika. Ukiongeza lita nne za kupikia na kunawa kwa kila mtu, inakuja 168 nyingine. Jumla 420.

Hesabu hii ndiyo iliyoamua usafiri. Gari moja haliwezi kubeba watu kumi na wanne na maji hayo kwenye barabara ile. Tumekubaliana magari mawili ya juu kutoka Mto wa Mbu. Maji ya kunywa tunabeba yote, ya kupikia tunapata kwa mwenyeji wetu, kwa sababu Ngare Sero kuna kijito cha maji baridi kinachoshuka kutoka nyanda za juu. Magari mawili yana faida nyingine: moja likikwama korongoni, lingine linafuata msaada. Kuna sehemu simu haishiki.

Halafu kuna chumvi. Ukitoka jasho siku nzima ukarudisha maji matupu tu, chumvi ya mwilini inapungua, unapata kichefuchefu na kichwa kuuma, unadhani ni kiu, unaongeza maji, unazidi kuumwa. Pakiti za ORS za duka la dawa ni bei ndogo, tunabeba nyingi. Na kila mmoja wetu ajue dalili za mwenzake kuzidiwa na joto: anaanza kuongea visivyoeleweka, anayumba, ngozi inawaka moto. Huyo haulizwi kama anajisikia vizuri. Anawekwa kivulini, anavuliwa nguo za juu, anamwagiwa maji na kupepewa hapo hapo, huku gari linawashwa.

Hapa ndipo nafika kwenye nani yumo darasani.

Mmoja wetu ana selimundu. Amenipa ruhusa kuandika hivyo bila jina. Ugonjwa huu Kanda ya Ziwa upo sana, wengi wenu mna ndugu au rafiki mwenye nao. Seli nyekundu za damu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na mambo yanayochochea maumivu ni pamoja na upungufu wa maji mwilini, uchovu mkubwa, baridi kali ya ghafla na hewa nyembamba ya mwinuko. Ukiangalia hiyo orodha ni kama mtu ameandika maelezo ya kupanda Lengai.

Maana mlima ule unapandwa usiku. Watu huanza karibu saa sita ili wafike kileleni alfajiri na kushuka kabla jua halijakaza. Ni mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kwenye majivu yanayoteleza, juu kuna upepo wa baridi, asubuhi unashukia kwenye tanuri. Sitaki kuupuuza: ndio mlima pekee hai duniani unaotoa lava ya aina yake, yenye kaboneti ya sodiamu, ambayo ina joto kama nusu tu ya lava ya kawaida, inatoka nyeusi na baada ya muda inageuka nyeupe. Mlipuko mkubwa wa mwisho ulianza 2007 ukaendelea hadi 2008. Kwa mwalimu wa jiografia ni ndoto.

Vikao viwili vimekwenda hapo. Kulikuwa na hoja ya "yeye abaki kambini, sisi tupande". Nikauliza: abaki na nani? Tukigawanyika tunahitaji viongozi wawili wanaojua huduma ya kwanza, masanduku mawili ya dawa, mgawanyo wa maji mara mbili, na kundi litakaloshuka mlimani saa nne asubuhi halitakuwa na nguvu ya kumsaidia mtu. Kuna mwenzetu mwingine alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba basi asije, tutamletea picha. Dada huyo alijibu jambo ambalo sikulifikiria: "Mwakani nitakuwa na darasa la watoto sitini. Wenye selimundu watakuwemo. Siku ya safari ya shule niwaambie nini?"

Tulipiga kura, Lengai ikatoka, saba kwa tano. Wale watano wanaweza kurudi wakati wao, mlima hauhami. Naye alikwenda kwa daktari wake na orodha yetu ya saa, maji na joto, daktari akaongeza masharti yake: lita zake zisisubiri kiu, dawa zake zigawanywe kwenye mabegi mawili, na maumivu yakianza safari yote inageuka, hakuna kusubiri asubuhi. Hospitali za maana ziko Karatu kwa upande wa kusini na Wasso kwa upande wa kaskazini, na zote ni saa nyingi za mawe. Madereva wanajua hili kabla ya kulipwa.

Tunachokwenda kuona basi ni hiki. Njiani tunasimama Engaruka, kwenye mabaki ya mashamba ya umwagiliaji ambayo wakulima waliyajenga kwa mawe na kuyalisha kwa mifereji kutoka milimani, karne kadhaa kabla ya wakoloni. Wenzetu wa historia wameomba saa moja, nimewapa na nusu. Jioni ile tunakwenda ziwani kuwaona flamingo, ambao Kiswahili fasaha kinawaita heroe. Natron ndiyo mazalia makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Alfajiri inayofuata ni korongo la maporomoko, mnatembea ndani ya maji baridi, yeye akiwa na viatu na nguo ya kubadilisha. Jioni ni nyayo: zaidi ya nyayo 400 za binadamu zilizoganda kwenye majivu yaliyogeuka mwamba, za kati ya miaka takriban 19,000 na 5,000 iliyopita. Hukanyagi. Unatazama.

Kuhusu ziwa, wazee wa picha nisikilizeni. Zile picha maarufu za ndege na popo waliogeuka jiwe ni za mpiga picha Nick Brandt, alizitoa 2013. Aliwaokota wakiwa wamekufa na kukauka kwa magadi ufukweni, kisha akawapanga wakae kama wako hai. Ziwa halimgeuzi mtu jiwe. Ila maji yake ni makali, pH yake huweza kupita 10, yanaunguza macho na vidonda, na ganda la magadi linaweza kukatika chini ya mguu wako. Unapita alipopita mwongoza njia. Na Mmasai aliyekaa na ng'ombe zake si mandhari. Unamsalimu "sopa", unaomba, akikataa unashukuru. Barua ya utambulisho ya chuo inakwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, na ushuru wa mageti ya halmashauri tunauliza bei kabla ya kuondoka.

Limebaki la pesa, na hapa ndipo safari nyingi za wanafunzi zinafia. Tenganisha gharama zinazofuata kichwa, kama nauli ya basi na chakula, na zile ambazo hazijali mko wangapi. Tuseme magari mawili ni laki tisa. Tukiwa kumi na wawili ni elfu sabini na tano kila mtu. Wiki ya mwisho watatu wakisema "mambo yameingiliana", waliobaki wanalipa laki moja moja. Kwa hiyo fungu la magari linalipwa lote wiki tatu kabla, na halirudishwi isipokuwa umeleta mtu wa kuziba nafasi yako. Nimeitwa majina kwa kifungu hiki. Kimebaki.

Ratiba nzima, na namba za madereva, naiacha kwa mwalimu mlezi wetu hapa Maswa. Siku ya nne ikifika saa mbili usiku hajasikia kwamba tumerudi Mto wa Mbu, anaanza kupiga simu kwa mpangilio nilioandika.

Jumamosi hii saa kumi na moja alfajiri tunakutana Nyalikungu kwa zoezi: kilomita nane, begi mgongoni, lita tatu kila mtu. Atakayerudi na maji kwenye chupa atanieleza kwa nini.