Mafunzo Niliyopata Katika Filamu ya Mizaha na Vitisho

Filamu ya April Fool's Day ilitoka Marekani mwaka 1986, wakati majumba ya sinema yamejaa filamu za muuaji anayewamaliza vijana mmoja mmoja. Mwongozaji wake, Fred Walton, alikwishatutisha mwaka 1979 kwa When a Stranger Calls. Safari hii, wanafunzi wa chuo wanaalikwa kwa mwenzao Muffy, kwenye jumba lililoko kisiwani, washerehekee Aprili mosi. Wakishafika, wanaanza kutoweka. Nimeitazama peke yangu, nimeitazama na ndugu na marafiki, na haya ndiyo niliyojifunza. Kama hujaiona, itazame kwanza, maana nitafichua mwisho wake.

1. Anayetaka kutisha aanze kwa kuchekesha

Viti vya Muffy vinaanguka ukivikalia, na glasi zake zinakumwagia kinywaji kifuani. Wageni wanacheka, na sisi tunacheka nao. Kwa hiyo mtu wa kwanza anapotoweka, hakuna anayejua kama ni wakati wa kucheka au wa kukimbia. Hofu hiyo ya kutokuwa na hakika ndiyo inayokaa moyoni.

2. Tusichokiona hututisha zaidi

Katika filamu hii hatuoneshwi muuaji akiua. Tunaoneshwa dalili, kisha maiti. Hata hivyo, niliotazama nao huapa kwamba wameyaona mauaji kwa macho yao. Ukiwarudishia kipande chenyewe, hawayapati. Mtunzi hodari humwachia mtazamaji kazi.

3. Mzaha hupimwa kwa mwisho wake

Kit, mmoja wa wageni, anayeigizwa na Amy Steel, anakimbia kuokoa roho yake, anapita mlangoni, na kuwakuta wenzake wote wazima. Muffy anataka kuligeuza jumba liwe nyumba ya wageni ambako watu watalipia kufumbua mauaji ya kuigiza, na wikendi hiyo ilikuwa mazoezi. Wapo wanaokasirika wakifika hapo, wakidai wamelaghaiwa. Mimi nasema filamu imetenda haki: jina lake, lenye maana ya Siku ya Wajinga, lilitutahadharisha tangu mwanzo.

4. Usiguse kidonda cha mtu

Katika chumba cha Nan, mgeni mwingine, kuna kanda iliyorekodiwa kilio cha mtoto mchanga, naye aliwahi kutoa mimba. Hapo kicheko kinakatika, na mimi huwa siwezi kukirudisha. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Kiti kinachoanguka kinaumiza makalio tu. Siri ya mtu ikichezewa, inaumiza utu wake.

5. Anayewachezea wenzake naye huchezewa

Mwishoni kabisa Nan anamvizia Muffy chumbani na kumpitishia wembe shingoni. Damu inachuruzika, Muffy anapiga kelele, kisha anagundua kwamba wembe ni wa bandia. Aliyechezewa vibaya kuliko wote ndiye anayefunga mchezo. Huo ni uandishi makini.

Kwetu Aprili mosi ni siku ya wajinga, na kila mwaka wapo wanaopiga simu kutangaza msiba ambao haupo. Huo si mzaha, kwa sababu mama aliyekwishaanguka kwa mshtuko hana cha kucheka baadaye. Msomaji, ukitaka kumchezea mtu, hakikisha mwisho wake mtacheka wote wawili. Kama huna hakika, acha.