Somo la Tawi: Jumapili Kambini, na Nani Anayejibu Mtu Akiumia



Somo la mara hii halihusu mshahara wala mizani ya chai. Linahusu Jumapili. Wengine watacheka na kuuliza Jumapili nayo ina somo gani, mtu anafua, anakwenda kanisani, anatembelea jamaa zake, basi. Lakini sisi tunaozunguka matawi ya mashamba ya chai huku magharibi ya Uganda tumeona kwamba ajali zilizotusumbua kuliko zote kuzifuatilia hazikuwa za Jumatatu. Zilikuwa za Jumapili. Mtu akikatwa na mashine kiwandani siku ya kazi, njia ya kufuata inajulikana. Akiumia Jumapili, swali la kwanza analoulizwa ofisini ni hili: ulikuwa unafanya nini pale?

Siku ya kupumzika si zawadi ya meneja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi asifanyishwe kazi zaidi ya siku 6 mfululizo bila kupata saa 24 za mapumziko, na kwetu desturi ni Jumapili. Mfanyakazi wa mjini akipumzika hutoka kiwandani akaenda zake. Sisi wa kambini tunapumzika mlemle tunamofanyia kazi. Nyumba ni ya kampuni, barabara ni ya kampuni, kijito cha kuogea kinapita katikati ya chai ya kampuni, na stoo ya dawa iko karibu na uwanja ambapo watoto wanacheza mpira wa majani ya ndizi. Wake zetu na watoto wetu wengi hawako kwenye orodha ya malipo, lakini wanaishi na hatari zilezile tulizo nazo sisi.

Tutoe mfano uliotupata wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunakaa kambi ya shamba moja ambalo hatutalitaja. Tima yetu ya mpira ilialikwa kucheza na shamba la jirani. Ijumaa ofisi ikabandika tangazo kwenye kibanda cha mizani: wachezaji wakusanyike Jumapili saa 3 asubuhi, trekta litawapeleka. Basi mnajua mambo ya kambini. Wachezaji walikuwa 14, waliopanda trela walizidi 40. Kulikuwa na kina mama na vikapu vya viazi na karanga, wazee wawili waliokuwa wakienda kumwona ndugu yao, watoto wasiohesabika, na jogoo mmoja aliyepelekwa kama zawadi kwa shemeji. Nyimbo zilianza kabla hata dereva hajawasha mashine. Mtoto wetu wa pili, wakati huo ana miaka 9, alikaa kwenye bawa la tairi la nyuma la trekta, karibu na dereva, na sisi tulimwona tukaona fahari. Hatukumwambia ashuke. Hilo tunalisema wazi, kwa sababu somo la kweli haliwezi kuficha kosa la mwalimu.

Kwenye mteremko wa kushuka darajani dereva alitoa gia ili kuokoa mafuta. Wengi wanafanya hivyo, na madereva wanaosoma hapa wanajua tunasema nini. Trekta lina breki mbili, ya kulia na ya kushoto, ili lipate kugeuka upesi shambani. Barabarani pedali hizo mbili lazima zifungwe pamoja kwa kile kichuma chake, la sivyo ukikanyaga moja trekta linavutwa upande. Siku ile hazikufungwa. Tena trela haikuwa na breki yake yenyewe, kama zilivyo trela nyingi za majani. Trela ya watu 40 wanaosimama na kucheza ngoma haitulii kama trela ya majani, mzigo unahama huku na huku. Dereva alikanyaga, trekta likavuta kushoto, trela ikaja kwa nyuma ikalisukuma, na vyote viwili vikaingia mfereji wa chai. Hakufa mtu. Tunamshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Golikipa alivunjika kifundo cha mkono. Mama mmoja, mchumaji wa zamani katika shamba lile, alivunjika paja. Mtoto wetu alirushwa akaanguka juu ya visiki vya chai iliyokatwa, akavunjika mkono mahali pawili. Jogoo alikimbia na hakuonekana tena.

Jumatatu ofisi ilitoa jibu lake. Dereva alikuwa kazini, atatibiwa. Wengine wote walikuwa kwenye starehe zao, kampuni haihusiki.

Hapo ndipo tulipoanza kuisoma sheria kwa mwanga wa taa ya chemli, sisi ambao shule yetu iliishia darasa la saba. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inataka jambo moja kubwa: ajali iwe imetokana na kazi, na iwe imetokea katika kuifanya kazi hiyo. Haisemi Jumatatu wala Jumapili. Golikipa hakupanda trela kwa kupenda kwake tu. Alitumwa na ofisi, kwa chombo cha ofisi, kulichezea shamba. Lakini tuthibitishe namna gani? Tangazo lilikuwa limebanduliwa asubuhi ile ya Jumatatu, na karani akasema hakumbuki kuliandika. Tulizunguka nyumba kwa nyumba. Hatimaye tukakuta kwamba Jumamosi jioni kijana mmoja alikuwa amebandua tangazo la pili, lililokuwa mlangoni pa zahanati, akafungia karanga zake. Karatasi ilikuwa na mafuta ya karanga, lakini muhuri wa ofisi ulisomeka. Tuliipeleka kwa afisa wa kazi wa wilaya, naye akaona kwamba golikipa alistahili. Alilipwa.

Yule mama mwenye paja tulishindwa kumpatia fidia. Alikuwa mfanyakazi, ndiyo, lakini alikuwa anakwenda kuuza viazi vyake, hakutumwa na mtu. Baada ya mazungumzo marefu kampuni ilikubali kumrudishia gharama za hospitali, kwa hisani, wakasema, si kwa haki. Na mtoto wetu hakupata kitu. Tuliuza mbuzi wawili na baiskeli. Mkono wake ulipona ukiwa umepinda kidogo. Sasa ni mtu mzima, na kila anapoinua ndoo ya maji mama yake huangalia pembeni.

Tukae kidogo kwenye sheria hiyo, maana wengi wetu hatujaisoma. Ukiumia, mpe mwajiri taarifa ndani ya mwezi mmoja. Yafaa iwe kwa maandishi, na ubaki na nakala. Jeraha likikuzuia kupata mshahara wako kamili kwa siku 3 mfululizo au zaidi, linahesabiwa. Mtu akifa na ameacha wanaomtegemea, au akipoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, kipimo cha fidia ni mapato yake ya miezi 60. Safari ya moja kwa moja ya kwenda kazini au kutoka kazini imo. Tena nyapara akikwambia kwamba hupati kwa sababu ulifanya uzembe, mwambie akasome: sheria inasema fidia inalipwa hata kama mfanyakazi alikuwa mzembe. Na kuna kifungu kimoja ambacho hata baadhi ya viongozi wa matawi hawakijui. Mfanyakazi akiumia wakati anamwokoa mtu aliye hatarini ndani ya eneo la mwajiri, au anaokoa mali iliyo hapo, sheria inamhesabu kuwa alikuwa kazini. Kwa hiyo moto ukiwaka kwenye kiwanda cha chai Jumapili usiku, nawe ukaungua ukiuzima, asije mtu akakwambia ulikuwa mapumzikoni.

Lakini sheria hiyo ni ya mfanyakazi. Mke asiyeajiriwa hayumo, mtoto hayumo. Kwao iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na pia umma kutokana na hatari za shughuli zake, kwa gharama yake mwenyewe. Ni neno zuri. Ila mtoto akiisha kuumia, kudai fedha kwa ajili yake ni kwenda mahakamani kuthibitisha uzembe wa kampuni, na mahakama zina safari ndefu na nauli. Ndiyo sababu sisi tunasema familia ziingizwe katika mkataba wa pamoja, kwa maneno yanayosomeka: kampuni ikitoa chombo cha kubeba watu, kiwe chombo cha watu chenye viti, na akiumia yeyote aliyemo, awe na namba ya kazi au asiwe nayo, atibiwe kwa gharama ya kampuni. Tulipolipeleka neno hilo mezani mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili waliandika. Shamba lile sasa linakodi basi dogo kwa mechi, na trela inabeba majani tu.

Sasa dawa. Hapa hatutasema mengi, kwa kuwa kila mtu kambini anaijua hadithi ya chupa ya soda. Mpiga dawa anamimina kidogo ya kuulia magugu kwenye chupa, anapeleka nyumbani kwa ajili ya mahindi yake, anaiweka nyuma ya mlango. Jumapili watoto wana kiu. Sisi tunamlaumu mwenzetu huyo, lakini tunauliza pia stoo inafungwa na nani, na kwa nini mpiga dawa arudi nyumbani na nguo zilezile alizonyunyizia akamkumbatie mtoto wake. Bafu na sabuni mahali pa kazi ni jambo la kudai. Nguo za dawa zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Galoni tupu zisuuzwe mara tatu, zitobolewe, zirudishwe stoo, wala zisichotewe maji hata kama zinaonekana safi. Angalieni mstari wa rangi chini ya kibandiko: mwekundu ndio wa sumu kali kabisa, unafuata wa njano, kisha wa buluu, kisha wa kijani. Kijani hakimaanishi kinywaji.

Mtoto akiisha kunywa, msimtapishe, wala msimnyweshe maziwa. Tunajua bibi zetu husema maziwa ni dawa ya sumu, na hatuwadharau, lakini hapa msifuate. Mvueni nguo zilizoloa, mwosheni ngozi kwa maji mengi na sabuni, mpelekeni hospitali mara moja, na mchukue chombo chenye kibandiko chake. Mganga asiyejua jina la dawa anafanya kazi gizani.

Kwa wale wa upande wa Fort Portal kuna jambo la maziwa ya kreta. Ni mahali pazuri pa kupeleka familia, nasi tumekwenda na wali wetu na kuku tukakaa kivulini hadi jioni. Ila maziwa yale si kama kijito chetu. Ukingo wake unashuka ghafla, hatua chache tu na mtu hana pa kukanyaga. Wakienda watoto, aende mtu mzima asiyekunywa waragi siku hiyo. Beba kamba na galoni tupu la mafuta ya kula lililofungwa kizibo. Mtu akizama, mrushie galoni likiwa na kamba, usijitupe majini hali hujui kuogelea vizuri, maana tutazika wawili badala ya mmoja. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo. Mlazeni chali, inueni kidevu, mzibeni pua, mpulizieni pumzi mdomoni, na mmoja akimbie kutafuta gari.

Kazi ya darasa ni hii. Mwakilishi alete nakala ya mkataba wa pamoja wa shamba lenu, na mwenye macho mazuri awasomee wengine sehemu inayohusu usafiri na matibabu. Tafuteni kama neno familia limo. Kisha dereva mmoja awaeleze wengine namna breki za trekta lake zinavyofungwa, na kama kile kichuma bado kipo au kimepotea. Wanawake waulizwe kwanza, kabla ya wanaume kuanza kusema, ni mahali gani hapo kambini hawapendi watoto wao wapite siku ya Jumapili. Yaandikeni majibu, yatajeni mahali kwa majina, nayo yafike kwetu kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyejua kuandika amsimulie mwenzake.