Oili ya Transfa: Mambo ya Kuzingatia kwa Mlaji
Katika gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, transfa hugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa kawaida huwa na oili yake yenyewe, mbali na ile ya injini. Kabla ya kuibadilisha, mlaji ahakikishe yafuatayo:

1. Aina ya oili ilingane na iliyotajwa katika kitabu cha gari.

2. Gari lisimame mahali tambarare, na bolti ya kujazia ilegezwe kwanza. Ikigoma baada ya oili kumwagwa, gari halitaweza kuondoka gereji.

3. Aoneshwe oili ya zamani. Vipande vya chuma ndani yake huashiria kulika kwa gia.

4. Risiti itaje aina ya oili, kiasi chake na kilomita za gari.