Kukoroma na Kukatika Pumzi Usingizini

Kijenge, mjini Arusha, kama kwingineko nchini, mtu akoromaye sana husemwa kuwa amelala fofofo. Dhana hiyo si sahihi daima. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma hata njia ya hewa ikazibika. Kifua huhangaika, lakini hewa haipiti. Oksijeni hupungua katika damu, na baada ya sekunde 10, 20 au zaidi ubongo humshtua mlalaji, naye huvuta pumzi kwa mkoromo mkubwa. Asubuhi hakumbuki lolote.

Kwa hiyo shahidi wa kwanza wa ugonjwa huu si mgonjwa, bali ni yule alalaye naye chumba kimoja. Mathalani, dereva wa basi la Moshi aweza kulala kwa muda wa saa nane na bado akasinzia penye usukani. Mkewe akieleza ya kwamba usiku mume hunyamaza ghafula, kisha hutweta kama mtu aliyeponea kuzama majini, daktari amekwisha pata nusu ya habari. Dereva huyo hana budi kuacha usukani mpaka atibiwe.

Daktari hupima uzito na shinikizo la damu, ambalo mara nyingi huwa juu na kukaidi dawa. Mzunguko wa shingo ukizidi sentimeta 40, shaka huongezeka. Kwa kipimo hiki utepe wa fundi cherehani watosha. Uthibitisho hutokana na mashine inayoandika pumzi na oksijeni usiku kucha, nayo haipatikani katika kila hospitali. Pumzi ikikatika au kufifia mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa ni hafifu. Mara 15 hadi 29, ni wa wastani. 30 na kuendelea, ni mkali.

Mgonjwa hushauriwa kupunguza unene, kulala ubavu, na kuepuka dawa za usingizi na pombe ya jioni, mbege ikiwemo. Kwa ugonjwa mkali tiba kuu ni mashine ipulizayo hewa puani mfululizo ili koo lisizibe, iliyoelezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia. Mashine hiyo haiondoi chanzo cha maradhi: umeme ukikatika, koo huweza kuziba tena usiku uo huo.