Ndama Dume Akianza Kupevuka

Wakulima wa Dundori, Njoro na Molo huuliza kwa nini mtamba wa Friesian ambaye hajapata kupelekwa kwa fahali ameonekana ana mimba. Mara nyingi jibu limo humo humo zizini: ni ndama dume, ndugu yake, ambaye mwenye shamba bado anamhesabu kuwa mtoto.

Mambo huanza kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ambayo, ndama akikua, hupeleka amri kwa njia ya damu mpaka kwenye mapumbu. Amri hizo huitwa homoni. Mapumbu nayo huanza kutengeneza mbegu, pamoja na homoni yake yenyewe, testosteroni, ambayo hunenepesha shingo, huzidisha sauti na kumfanya mnyama kuwa mkali. Ndama wa Friesian aliyelishwa vizuri aweza kupanda akiwa na miezi 9 au 10. Zebu hukawia zaidi. Ngamia dume wa Wapokot huko Baringo hukawia kabisa, mpaka miaka 3 au 4, na hata hapo hamu yake huja kwa majira: hukataa kula, hutoa povu, na nyuma ya kichwa hutoka maji meusi yenye harufu. Fahali wetu hana majira. Yu tayari mwaka mzima.

Kwa hiyo watenge madume na mitamba wakifika miezi 6. Mtamba akichukua mimba angali mdogo, nyonga zake hazijapanuka, na siku ya kuzaa aweza kufa pamoja na ndama wake.

Dume usiyemtaka kwa mbegu ahasiwe kabla ya miezi 3. Ukitumia koleo la Burdizzo, bana kila mshipa peke yake, wala usibane ngozi ya katikati, damu ipate kupita. Aliyehasiwa akiwa amekwisha pevuka asirudishwe kwa mitamba kabla ya wiki 6, maana mbegu za zamani bado zimo.

Ukiweka fahali, jua kwamba mbegu huchukua kama miezi 2 kutengenezwa. Fahali aliyeugua ndigana leo aweza kuonekana mzima mwezi ujao, huku majike wake wanarudi kwenye joto. Usiwalaumu majike, mwite afisa wa mifugo ampime fahali. Mwenye pumbu lililobaki tumboni asipandishe kamwe, kwani kasoro hiyo hurithiwa. Wenye ng'ombe wachache, na hao ndio wengi, afadhali watumie mbegu za kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946. Fahali wa kuazima kwa jirani aweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba.