Mzunguko wa Kanazi: Matembezi ya Miguu kwa Familia Yenye Mgonjwa wa Presha au Sukari

Mwezi huu hatuzungumzii dawa ya kumeza. Tunazungumzia miguu. Zamani mzee wa huku kwetu alikwenda kanisani kwa miguu, sokoni kwa miguu, na kwenye msiba wa kijiji cha pili kwa miguu. Siku hizi bodaboda inamfuata hadi mlangoni, hata kama aendako panaonekana kutoka kibandani. Na katika familia zetu nyingi yupo mwenye shinikizo la damu au kisukari. Wengine wanaugua bila kujua, kwa kuwa presha haiumi.

Daktari anaposema "fanya mazoezi", wazee hucheka. Wanadhani mazoezi ni ya vijana wa mpira. Sivyo. Kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo, nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, kunatimiza dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima. Misuli ya miguu inapofanya kazi hutumia sukari iliyo katika damu, na mishipa ya damu hulegea, presha ikashuka. Faida hiyo haidumu usipoendelea, ndiyo maana tunatafuta matembezi ambayo mtu atapenda kuyarudia.

Sisi tunapendekeza kuanzia Kanazi, kusini mwa mji wa Bukoba, si mbali na Kemondo. Hapo ndipo palipokuwa na kikale, yaani makao, ya Omukama Kahigi wa Kianja. Wajerumani walimjengea nyumba kubwa ya mtindo wao mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu alipatana nao kuliko watawala wengine wa Buhaya. Alifariki mwaka 1916. Utawala wa machifu ulifutwa nchini mwaka 1963, lakini jina la Kanazi halikufutika, na watoto wetu wanastahili kupaona mahali wanapopasikia katika hadithi za babu. Mtoto akiuliza maswali njiani, babu anasahau kwamba anafanya mazoezi!

Kwa nini tunasema mzunguko? Nchi yetu ni ya migongo. Juu ya mgongo kuna vibanja na nyumba, kando kuna rweya, na chini kuna bonde lenye maji. Anayekwenda moja kwa moja na kurudi njia ile ile mara nyingi huteremka akiwa na nguvu, halafu hupanda akiwa amechoka. Hapo ndipo moyo wa mgonjwa hulemewa. Anayezunguka juu ya mgongo hukwepa mteremko, na kama amechoka hukata njia katikati ya migomba akarudi mapema. Basi zungukeni makao yale kwa nje, mkifuata njia za miguu za vibanjani, mtokeze ukingoni mwa rweya mpate upepo, kisha mrudi mlikoanzia. Msiteremke bondeni. Mwombeni mwenyeji awaonyeshe njia, na mkitaka kuingia uani ombeni ruhusa kwanza. Mipaka mingi imepandwa milamula. Msiivuke wala kuivunja fimbo.

Msihesabu kilomita, hesabuni dakika. Wiki ya kwanza dakika 15 zinatosha kwa aliyekuwa anakaa tu. Ongezeni 5 kila wiki. Mwendo unaofaa ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akishindwa hata kuzungumza, apunguze. Mwenye magoti mabaya ashike fimbo, na hakuna aibu katika hilo.

Mgonjwa wa kisukari tunamsisitizia viatu. Miguu yake huweza kufa ganzi, akachomwa na kisiki asisikie, na kidonda kidogo kikaishia kwenye kukatwa mguu. Avae viatu vilivyofunika vidole, na jioni aikague miguu yake hadi kwenye nyayo. Asiyeona vizuri akaguliwe na mjukuu. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asitoke na tumbo tupu. Abebe ndizi mbivu au sukari kidogo mfukoni. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi au kuchanganyikiwa, aketi na kula hapo hapo.

Maumivu ya kubana kifuani maana yake ni kusimama na kwenda hospitali. Vivyo hivyo mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea upande mmoja, au maneno yakikosa mpangilio. Hicho ni kiharusi. Tunajua bado wapo wanaosema mtu huyo amerogwa, na kwa mashauri hayo saa nyingi hupotea wakati ubongo unaharibika. Msingoje kupambazuke. Bodaboda tuliyoilaumu hapo juu, siku hiyo iiteni!

Mvua za kwetu ni nyingi, hasa Aprili, na radi zake hazina mzaha. Ngurumo ikisikika, ingieni nyumbani kwa mtu, msijifiche chini ya mti.

Familia za Muleba zisidhani hadi zipande gari kuja Kanazi. Kamachumu ina uwanda mpana juu, na kuzunguka kigango chenu kunatosha kabisa kwa siku za kazi. Walio karibu na Maruku wanaweza kuzunguka Katuruka, ambako masimulizi yanaweka kikale cha Omukama Rugomora Mahe, na ambako wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa miaka zaidi ya 2,000 iliyopita.

Dawa zisiachwe kwa sababu mtu ameanza kutembea. Daktari ndiye apunguzaye. Kabla ya safari ya kwanza pitieni zahanati mpimwe presha. Ikiwa imefika 140 kwa 90 au zaidi, rudini kupimwa tena siku nyingine, na namba zote ziandikwe kwenye daftari. Mpimwe tena baada ya miezi 3, mlinganishe.