Kuimba pamoja tukiwa mbali



Vita vinagawa hata kwaya. Wengine wanabaki kijijini, wengine wanakimbilia kambini au ng'ambo ya mpaka. Je, tunaweza kuimba pamoja tena kwa njia ya intaneti? Ndiyo, lakini kwanza tuelewe jinsi sauti inavyosafiri.

Kwa nini sauti inachelewa

Hewani sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde. Wapiga ngoma wawili wakiachana mita 10, kila mmoja anamsikia mwenzake kwa kuchelewa kidogo sana, na bado wanaelewana. Kuchelewa kukizidi hapo, kila mmoja anamngojea mwenzake, na wimbo unapungua mwendo mpaka unavurugika. Satelaiti iliyo juu karibu kilomita 36,000 inachelewesha sauti robo ya sekunde: ni kama kuachana mita 80. Simu ya mkononi nayo inachelewesha, hata kama mazungumzo yanakwenda vizuri.

Tufanye nini?

1. Mkiwa na kompyuta, intaneti ya waya yenye nguvu, na hamko mbali sana, tumieni programu kama Jamulus, ambayo ni ya bure. Vaeni visikilizio masikioni.

2. Intaneti ikiwa dhaifu, chagueni nyimbo za kuitikizana. Upande mmoja uimbe na kunyamaza, ndipo upande wa pili uitikie. Hapo kuchelewa kunakuwa pumziko tu.

3. Kila mwimbaji ajirekodi peke yake akifuata mpigo mmoja, halafu mtu mmoja aunganishe sauti zote. Mwaka 2010 Eric Whitacre wa Marekani aliunganisha hivyo waimbaji 185 kutoka nchi 12. Lakini tuwe waangalifu: tusionyeshe sura wala mahali pa mtu anayetafutwa.

Somo kwetu

Wimbo ukivurugika, ni rahisi kusema: «Wale wa ng'ambo wanatuharibia makusudi.» Kumbe wao pia wanatusikia tumechelewa! Ndivyo ilivyo na habari kati ya waliokimbia na waliobaki. Kabla ya kulaumu, tuulize kwanza: je, neno letu limewafikia?

Maswali ya kuzungumza pamoja

- Ni nani aliyekuwa akiimba nasi, na leo yuko mbali?
- Ni wimbo gani pande zote mbili wanaujua?
- Nani ataanza, na nani ataitikia?